Historia ya Kolwezi Ambayo Kampani Haikuandika



Mu darasa ya historia tunajifunza kwamba Kolwezi ilijengwa mwaka 1937 na Union Minière du Haut-Katanga, ili iwe makao makubwa ya machimbo ya upande wa magharibi. Tunajifunza kwamba mwaka 1967 mali ya Union Minière ilipita mikononi mwa serikali, na kampani ikakuja kuwa ile tunaijua kwa jina la Gécamines. Tunajifunza Musonoi, Ruwe, Kamoto, tani za shaba na tani za kobalti. Halafu vita ya 1978, halafu kuanguka kwa mgodi wa Kamoto mwezi wa 9 mwaka 1990, halafu mwaka 2015 Lualaba ikafanywa jimbo na Kolwezi mji wake mkubwa.

Yote hayo ni kweli, na mwanafunzi asiyeyajua atashindwa mtihani. Lakini muangalie vizuri: karibu mu kila sentensi, mwenye kutenda ni kampani ao serikali. Ni kama mtu angeandika historia ya shule yetu kwa kuhesabu mabati na madirisha, asitaje mwanafunzi hata mmoja.

Kuko Kolwezi ingine. Ni ile ya watu waliokaa ndani ya kambi za kampani lakini hawakukubali kuishi kila saa namna kampani ilivyotaka. Kuko waliokusanyika usiku nyumbani kwa mwenzao kuzungumza mambo ya uzima na mapendo. Kuko wapiga gitare, wachoraji wa picha za salo, wachekeshaji, wafuasi wa dini zilizokatazwa, na bamama waliotunga nyimbo za kuchekea wakubwa. Kwa Kiswahili chepesi tunaweza kuita mambo haya maisha ya kwenda kombo: mkubwa anasema pita huku, wewe unapita kule, pole pole, bila kupiga kelele. Historia hii haikuandikwa mu ripoti ya mwaka ya kampani. Iko mu vinywa vya bazee. Nao bazee wanatuacha.

Mu toleo hili tunataka kueleza namna historia ya vile inavyookotwa, na kwa nini mji wetu, kuliko miji mingi ya Afrika, una mfano mzuri wa kazi hiyo.

Kwanza mutu aelewe kambi ilikuwa nini. Tangu mwisho wa miaka ya 1920 Union Minière ilianza kuacha desturi ya kuleta vijana kwa miezi michache na kuwarudisha kwao. Ilitaka mfanyakazi akae miaka mingi, na bibi yake na watoto. Basi ikajenga nyumba, ikagawa posho, ikaweka hospitali, ikaleta masomo ya kushona kwa bamama, mpira kwa vijana. Shule za kambi ilizitia mikononi mwa mapadri Wakatoliki. Kwa hiyo watu walisema kampani njo baba, kampani njo mama. Lakini baba huyo alijua kila kitu: nani amelala nyumba gani, mugeni gani amefika, mtoto gani hakufika shuleni. Mji wenyewe ulikuwa umekatwa vipande viwili. Upande mmoja ni wa Wazungu, ambako usiku Mwafrika hakutembea bila karatasi. Upande wa pili ni kambi na sité. Mahali kama pale, hata ngoma ya jioni isiyoombewa ruhusa ilikuwa jambo.

Sisi Waprotestanti tuna sababu yetu ya kukumbuka. Misioni zetu zilifika Katanga mapema, maana Frederick Stanley Arnot alifika Bunkeya kwa Msiri mwaka 1886. Lakini serikali ya wakoloni ilisaidia shule za Wakatoliki kwa feza, na zetu zilingoja mpaka baada ya Vita ya Pili ya Dunia. Mu kambi, Mprotestanti alikuwa mtu wa pembeni. Na wakati Kitawala ilipotoka Rhodesia ya Kaskazini na kuingia Katanga mu miaka ya 1920, ikihubiri kwamba utawala wa Wazungu utakwisha, wakubwa walitazama kwa jicho baya kila mwenye kutembea na Biblia kwapani. Kitawala ilikatazwa, na wafuasi wake walihamishwa mbali na kwao. Mafundisho yao si yetu. Lakini jamaa nyingi za hapa ziko na nkambo aliyepelekwa mbali kwa sababu ya kitabu, na hadithi yake haijaandikwa hata ukurasa mmoja.

Tufike sasa ku mfano wenyewe.

Mwaka 1953 padri mmoja Mfransisko kutoka Ubelgiji, Placide Tempels, alitumwa Kolwezi kwa wafanyakazi wa machimbo. Jina lake lilikuwa limekwisha kujulikana mbali, maana mwaka 1945 kitabu chake juu ya falsafa ya Wabantu kilitoka kwa Kifaransa ku Elisabethville, na wakubwa wa kanisa lake hawakukipenda sana. Hapa Kolwezi, pamoja na wafanyakazi na bibi zao, alianza kitu walichokiita Jamaa. Haikuwa chama chenye kadi wala kiti cha mwenyekiti. Watu walikutana nyumbani jioni na kuzungumza juu ya maneno matatu: uzima, uzazi, mapendo. Mutu hakuingia peke yake kama kijana anavyoingia kazini. Aliingia na bibi yake, wote wawili pamoja, kwa kupita hatua moja kisha ingine, na walioingia waliitwa baba na mama.

Kwetu leo neno hili linaweza kuonekana dogo. Lakini muliweke mu kambi ya miaka ya 1950. Kampani ilimhesabu mume kuwa mkono wa kazi, na bibi kuwa mpishi wa ule mkono. Pale mu Jamaa, mwenye kushinda mashimoni mchana alikaa usiku karibu na bibi yake, naye bibi alifundisha watu kama yeye. Mluba, Mlunda, Msanga, Mbemba walikaa mu nyumba moja na kuitana ndugu kwa Kiswahili. Padri Mzungu alikaa nao akisikiliza. Hakuna mgomo uliofanywa, hakuna jiwe lililorushwa. Hata hivi wakubwa waliona kwamba kuko kitu hapa ambacho hakipiti mikononi mwao. Tempels aliondoka Congo mwaka 1962. Jamaa ilibaki ikaenea mu Katanga na Kasai, na mu miaka ya 1970 maaskofu wa Shaba waliiwekea masharti makali. Wengi walioikataa amri hiyo walitengwa na sakramenti mu kanisa walilolipenda.

Sasa, tunajua haya kwa njia gani? Mwaka 1966 na 1967 mwanafunzi wa chuo kikuu mwenye asili ya Ujerumani, Johannes Fabian, alikaa hapa Kolwezi kwa ajili ya utafiti juu ya Jamaa. Alijifunza Kiswahili chetu, hiki cha Katanga chenye «njo» na «kuko», ambacho mu vitabu vya sarufi kinaitwa kibovu. Alinasa mafundisho ya baba na mama kwa mashini ya sauti, akayaandika neno kwa neno. Kitabu chake juu ya Jamaa kilitoka mwaka 1971. Miaka mingi baadaye maandiko mengi ya vile yaliwekwa mu hifadhi ya Kiswahili cha watu wa kawaida, ambayo yeyote anaweza kuisoma kwenye mtandao. Maana yake, sauti ya mfanyakazi wa Musonoi aliyezungumza juu ya mapendo mwaka 1966 inasomwa leo Ulaya na Marekani. Hapa kwetu, ukiuliza wanafunzi kumi, pengine tisa hawajasikia neno lenyewe Jamaa isipokuwa kwa maana ya watu wa nyumba moja. Tunaona jambo hili linastahili kutuumiza kidogo.

Fabian alirudi mu miaka ya 1970 kufundisha ku chuo kikuu cha Lubumbashi, na pale akakutana na mchoraji Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa Elisabethville mwaka 1947. Wachoraji wa vile walikuwa wengi mu miji yetu. Walichora ku kitambaa cha gunia la unga, wakabeba picha mkononi nyumba kwa nyumba, na mfanyakazi akanunua moja ya kutundika mu salo. Picha zilikuwa na aina zake. Kuko Mamba Muntu, mwanamke nusu samaki mwenye kuleta feza na matata. Kuko picha za mambo ya bankambo, kijiji na moto wa jioni. Na kuko picha yenye jina la Colonie belge: mfungwa amelazwa chini, askari mweusi anamchapa fimbo, Mzungu mwenye kofia anasimama kuangalia na pipa mdomoni.

Kwa nini mfanyakazi wa mwaka 1973 anunue picha ya fimbo na kuitundika pale wageni wanapokula? Wabelgiji walikuwa wamekwisha kuacha utawala tangu 1960. Njo pale unaona werevu wa watu. Wakati wa chama kimoja, mutu hakuweza kusema mbele ya mugeni kwamba anachapwa. Lakini aliweza kumuonyesha picha ya zamani na kusema: hii ni ukumbusho. Mugeni aliangalia, akatikisa kichwa, na mazungumzo yaliendelea pale ambapo mdomo hauwezi kufika.

Tshibumba alitaka zaidi ya kuuza picha za salo. Kati ya 1973 na 1974 alichora historia yote ya inchi, tangu zamani za bankambo mpaka Lumumba na mpaka siku zake yeye, picha 100 na zaidi, na kwa kila moja alikaa mbele ya mashini ya sauti akaeleza kwa Kiswahili. Alijiita mwanahistoria. Profesa wa chuo kikuu aliweza kucheka, maana huyu kijana alichanganya miaka na kuonyesha mambo ambayo hayakutokea vile. Lakini yeye alichora namna watu wa Katanga walivyoyafahamu mambo yao, na kitu kile hakuna profesa aliyekuwa nacho. Kitabu chenye picha hizo na maneno yake kilitoka kwa Kiingereza mwaka 1996. Picha zenyewe ziko Uholanzi, mu makumbusho ya Amsterdam. Na Tshibumba? Tangu mwanzo wa miaka ya 1980 habari zake zilikatika kabisa. Mutu aliyetunza kumbukumbu ya inchi nzima, sisi hatukumtunza.

Kuko kitu kingine ambacho kitafurahisha wenzetu wanaozungusha mashini ya kupiga gazeti hili siku ya ijumaa na kutoka na mikono ya wino. Mwaka 1965 kundi la watu waliokuwa boyi nyumbani mwa Wazungu, wapishi na wafua nguo, walitaka historia ya Elisabethville iandikwe kwa macho yao. André Yav aliiandika kwa Kiswahili cha mjini, ikapigwa kwa mashini ya kuandika na kuzidishwa nakala kama hizi zetu, chini ya jina la Vocabulaire de ville de Elisabethville. Haina koma wala nukta pale tunapozitegemea, na wakubwa wa Ubelgiji wanatajwa kwa majina ya utani waliyopewa na watumishi wao. Mwalimu wa sarufi angeijaza wino mwekundu. Lakini boyi aliyepeleka kahawa mezani alisikia mazungumzo ya mezani. Mwaka 1990 Fabian, pamoja na Kalundi Mango aliyemsaidia kusoma maneno, aliitoa kuwa kitabu, na sasa wataalamu wanaihesabu kuwa hazina. Karatasi za kuzidishwa zilizoandikwa na watumishi!

Juu ya muziki na michezo tutapita mbio, maana ni habari ya kujaza toleo lingine. Mwenda Jean Bosco, mwana wa inchi ya Bunkeya, alirekodiwa na Hugh Tracey ku Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, mwaka 1952, na gitare yake ikasikika mpaka Nairobi na Afrika ya Kusini. Alikufa mwaka 1990. Mu kanisa nyingi gitare ya vidole viwili ilihesabiwa chombo cha walevi. Sasa tunaimba nayo zaburi. Kundi la Mufwankolo la Lubumbashi lilichekesha watu ku radio na televisheni kwa Kiswahili, bila karatasi, kwa kutunga pale pale, na mwaka 1986 lilitengeneza mchezo mzima juu ya namna mamlaka inavyoliwa. Mwaka 1986! Kila mutu alijua ni mamlaka gani, na hakuna aliyeitaja.

Basi kazi hii inafanywaje?

Watu wa chuo kikuu cha Lubumbashi walituonyesha njia. Tangu mwaka 2000, chini ya maprofesa Donatien Dibwe dia Mwembu na Bogumil Jewsiewicki, walifanya mpango wa Mémoires de Lubumbashi. Walitembea mu mitaa, wakasikiliza wafanyakazi, bamama, wanamuziki, na wakaomba watu walete vitu vya nyumbani kuonyeshwa mu makumbusho ya mji. Hapa kuko fundisho la kwanza. Usimkalie mzee mbele na kumuambia: papa, tuelezee historia yako. Atakupa hotuba, ama atakuambia hana historia. Anza na kitu. Mama ana kitambaa cha zamani mu sanduku, papa ana kadi ya kazi, picha ya timu ya mpira, sahani ya kampani, gitare yenye waya mmoja. Uliza: hii ilitoka wapi? Kitu kinafungua mdomo kuliko swali.

La pili ni lugha. Muache mzee aseme namna anavyosema. Akisema «tulikuwaka tunacheza», andika «tulikuwaka tunacheza». Ukimgeuza kuwa Kiswahili cha Biblia, utamfanya padri ao mchungaji, na kicheko chake kitapotea. Wakati mwingine maana yote iko mu kicheko. Majina ya utani ya Wazungu wa kambi, kwa mfano, ni kamusi nzima ya yale watu waliyoyafikiri. Yaandikeni yote na sababu zake.

La tatu ni miaka, na hapa kazi inachosha. Bazee wengi hawahesabu kwa kalenda. Lakini kuko alama ambazo Kolwezi nzima inazo. Tarehe 13 Mei 1978 wapiganaji wa FNLC waliotoka Angola waliingia mjini, na tarehe 19 Mei askari wa parashuti wa Ufaransa walianza kushuka. Kuko siku Kamoto ilianguka, 1990. Kuko siku za 1993 ambapo watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa. Kuko miaka ya 2003 na 2004 ambapo Gécamines iliachisha kazi watu zaidi ya 10,000 na kuita jambo hilo kuondoka kwa hiari. Muulize mzee: hiyo ngoma ilikuwa mbele ya vita ya 1978 ao nyuma? Mtoto wako wa kwanza alikuwa anatembea? Kwa maswali mawili ao matatu utafika karibu na mwaka.

Halafu kuko mambo ambayo hayawezi kuwa kweli, na bado ni ya lazima. Mutachukua mfano wa batumbula. Bazee wa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi wanaeleza kwamba zamani za Wabelgiji kulikuwa watu wa kukamata wenzao usiku kwa kazi ya Wazungu, na waliokamatwa waligeuzwa nguruwe na kuliwa. Mwanafunzi atacheka na kufunga kaye. Asifunge! Aulize: watu walisema hivi wakati gani, mtaa gani, na walikatazana kufanya nini? Atakuta giza la usiku ambamo Mwafrika hakuwa na haki ya kutembea. Atakuta watu waliochukuliwa na polisi na kupelekwa mbali bila jamaa kuambiwa. Atakuta nyama ya kopo ambayo hakuna aliyeona mnyama wake. Hata mgomo wa 1941 uko nyuma ya hofu hizi: tarehe 9 Desemba mwaka ule, ku Elisabethville, wafanyakazi wa Union Minière waliokusanyika mu kiwanja cha mpira walipigwa risasi, na Léonard Mpoyi, karani aliyewasemea, akauawa. Hesabu ya waliokufa kwa upande wa serikali na ile ya watu hazikupatana kamwe. Pahali pa vile, uvumi unabeba kitu ambacho gazeti la wakati ule halikukibeba.

Lakini musimeze kila kitu. Kumbukumbu inatiwa sukari. Profesa Dibwe aliita kitabu chake cha mwaka 2001 Bana Shaba walioachwa na baba yao, na jina hilo lenyewe linaonyesha hatari. Mzee aliyepoteza kazi, nyumba bila maji, watoto bila shule, atakuambia zamani za kampani zilikuwa paradiso: unga, samaki, hospitali ya bure. Ni kweli alikula. Lakini muulize bibi yake pia, tena papa asipokuwa karibu. Yeye pengine atakumbuka mkaguzi aliyeingia jikoni bila kubisha, na namna walivyoficha mugeni chini ya kitanda. Muulize na jirani. Maneno matatu ya watu watatu, yaandikwe yote matatu, hata yakipigana.

Na kuko adabu. Mzee akisema hapana, ni hapana. Akilia, funga mashini. Akisema jina la mtu aliyemtenda vibaya ao aliyemsaliti, jina lile libaki mu kaye na lisifike mu gazeti, maana wajukuu wa mtu yule wanakaa nasi darasani. Tunasema hivi hasa kwa ajili ya 1993. Wengi wa wachoraji, wapiga gitare na baba na mama wa Jamaa walikuwa watoto wa Kasai, kama Tshibumba mwenyewe. Majirani walilala siku nyingi ku gare wakingoja gari-moshi, na wengine walifia pale pale ao njiani. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kumbukumbu ya Kolwezi haiko tena Kolwezi. Iko Mbuji-Mayi, Kananga, mu nyumba za watu ambao tuliwaacha wasukumwe. Mwenye jamaa kule awapigie simu. Lakini aanze kwa kuwauliza kama wana nguvu ya kuzungumza na mtu wa hapa.

Tunaharaka kwa sababu ingine tena. Ufaransa ilitengeneza filamu nzima juu ya askari wake wa 1978, ikatoka mwaka 1980, na majina ya Wazungu waliokufa yanajulikana. Waafrika waliokufa siku zile wanatajwa kwa makadirio tu, mamia, bila majina. Na siku hizi hata mitaa yenyewe inaondoka. Ku Kasulo mwaka 2014 mutu alikuta kobalti chini ya nyumba yake, na mara moja watu walichimba mu viwanja, mu salo, karibu na choo. Mwaka 2017 sehemu ya mtaa ilizungushiwa ukuta na jamaa zikahamishwa. Mwaka 2023 Amnesty International pamoja na shirika la hapa IBGDH walitoa ripoti juu ya watu wa Sité Gécamines, mu mji wetu huu huu, wanaosukumwa na mgodi unaopanuka. Nyumba ambamo watu walikutana usiku kuzungumza mapendo inaweza kuwa shimo kabla hatujauliza ilikuwa namba gani.

Kwa hiyo kuanzia likizo hii tunaomba kila darasa liokote mazungumzo matano. Telefone yoyote yenye kunasa sauti inatosha, lakini mupige jaribio kwanza, mukae mbali na jenereta na redio. Mwanzo wa kila mazungumzo museme kwa sauti tarehe, mtaa, na kwamba mzee amekubali. Umri wake muandike, jina lake tu kama ameruhusu. Muandike ku kaye siku ile ile, kabla ya kulala, maana sauti inapotea na telefone inaibiwa. Nakala moja irudi kwa mzee mwenyewe, isomwe mbele yake, asahihishe. Tuanze na bamama wenye miaka 70 na zaidi waliokaa Musonoi, Ruwe na Kamoto, na swali la kwanza liwe hili: jioni, kazi ikiisha, watu walikuwa wanakwenda wapi?